Kiazi Hakina Baba

Ukiagiza mukimo kwenye kibanda chochote cha chakula hapa Nairobi, unaletewa kilima cha kijani ambamo namna tatu za kuzaliwa zimepondwa pamoja. Kuna kiazi, ambacho hakina baba: kilitokana na kiazi kingine kilichofukiwa udongoni kikachipua. Kuna punje za mahindi, kila moja na mama yake tunayemjua na baba ambaye huenda alisimama kwenye shamba la jirani. Halafu kuna minji, mtoto wa baba na mama walioishi ndani ya ua moja, maana ua la minji hujichavusha lenyewe hata kabla petali hazijafunguka. Majani ya malenge tuyaache, kazi yao leo ni rangi.

Shuleni tulichorewa ubaoni jedwali la safu mbili. Huku uzazi wa kijinsia, wazazi wawili. Kule uzazi usio wa kijinsia, mzazi mmoja. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapewa maksi zako zote. Minji inalivuruga jedwali hilo, kwa kuwa ina mzazi mmoja tu na bado uzazi wake ni wa kijinsia kabisa. Gregor Mendel, mtawa aliyechapisha majaribio yake mwaka 1866, aliichagua minji kwa tabia hiyohiyo. Ukiiacha, inajioa. Ukitaka kuiozesha kwingine, unalifungua ua changa, unang'oa sehemu za kiume, unapaka chavua ya mmea unaoutaka wewe.

Kwa hiyo tofauti tuitafute ndani ya seli. Katika uzazi usio wa kijinsia, seli hunakili kromosomu zake zote, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na kujigawa, na kila upande huondoka na seti nzima. Mtoto ni mama yuleyule, ila pale kosa dogo la kunakili linapopenya. Katika uzazi wa kijinsia kuna shughuli ya ziada. Kromosomu hupangana mbilimbili, iliyotoka kwa mama ikilala ubavuni mwa iliyotoka kwa baba, zinabadilishana vipande, kisha zinatenganishwa ili kila yai au mbegu ya kiume ichukue nusu tu. Nusu hiyo haifiki mbali mpaka ikutane na nusu nyingine. Binadamu ana kromosomu 46, kwa hiyo nusu yake ni 23, na ukihesabu namna jozi 23 zinavyoweza kugawanywa, bila hata kutia ndani kule kubadilishana vipande, unapata 8,388,608. Hiyo ni kwa mzazi mmoja, na bado hujazidisha kwa mwenzake. Ndugu wa tumbo moja wakigombana kwamba mmoja wao hafanani na mtu yeyote nyumbani, hesabu iko upande wa huyo mmoja. Mapacha wa kufanana pekee ndio wanaoikwepa, nao wametumia njia zote mbili: yai likarutubishwa kijinsia, kisha likajigawa bila kuhitaji mtu mwingine.

Mahindi ndiyo yanayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko kiumbe chochote ninachokijua, na huhitaji maabara. Jioni, kando ya barabara, mwombe mama wa mahindi ya kuchoma akupe hindi ambalo bado lina maganda. Menya taratibu, ushike unywele mmoja kati ya zile nywele laini, uufuate kwa kidole. Utakufikisha kwenye punje moja, basi. Kila punje ina unywele wake uliopita chini ya maganda mpaka nje kwenye ncha, ukakaa hapo kungoja. Juu kabisa ya muhindi ndiko liliko shada la kiume, linalomwaga chavua kwa mamilioni ikipeperushwa na upepo. Chembe moja ikitua kwenye unywele huotesha mrija mwembamba ajabu unaoshuka ndani ya unywele huo wote hadi kwenye yai, safari ya sentimita nyingi inayomalizika kwa takriban siku moja. Unywele jirani unaweza kupata chavua ya muhindi mwingine kabisa. Ndiyo maana katika hindi moja jeupe unaweza kukuta punje mbili tatu za njano au zambarau, watoto wa mama mmoja na baba mbalimbali, wamekaa bega kwa bega bila aibu.

Unywele usiopata kitu huacha pengo.

"Mama, hili lina mapengo," nilimsikia mteja mmoja akilalamika pale stejini.

"Kwani mimi ndiye nililipanda, baba? Toa thelathini, nikupakie pilipili na ndimu."

Mapengo yale ni orodha ya harusi ambazo hazikufanyika. Jua lilikuwa kali nywele zikakauka mapema, au chavua ilimwagika kabla nywele hazijatokeza. Mmea unaotegemea kukutana unalipa gharama ya kutokukutana, na hapo gharama unaiona kwa macho, punje kwa punje.

Faida nayo unaiona. Mwaka 1964 Kenya ilitoa mbegu ya mahindi iliyoitwa Hybrid 611, iliyotayarishwa Kitale kwa kuyaoanisha mahindi ya huko, Kitale Synthetic II, na mahindi yaliyotoka Amerika Kusini, Ecuador 573. Watoto wakawashinda wazazi wote wawili kwa mavuno. Lakini ukihifadhi punje za mahindi chotara na kuzipanda msimu unaofuata, shamba linakuwa la mchanganyiko: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu hana kitu. Wazee wengi hudhani kampuni za mbegu zimetia dawa ili turudi dukani. Hakuna dawa. Ni karata zilezile zimechanganywa upya, na mahindi hayajui kuacha kuzichanganya.

Ukitaka mmea usiochanganya, nenda kwenye vitalu vya miche. Kando ya Kiambu Road kuna vingi, na siku hizi kila kimoja kina safu ndefu ya avokado.

"Hii ya kupandikiza, mama, miaka mitatu unakula," mwenye kitalu aliniambia.

"Na hizi za mbegu?"

"Hizo ni bei rahisi. Lakini sikuahidi kitu."

Nilichuchumaa kuutazama ule wa kupandikiza. Shubiri moja hivi kutoka kwenye udongo palikuwa na kovu, bado limefungwa ukanda wa nailoni. Chini ya kovu, gome lilikuwa la kahawia na limeanza kupasuka. Huo ni mche uliotokana na mbegu, una baba na mama, na matunda ambayo ungezaa hayajulikani. Juu ya kovu, kijiti kilikuwa laini na kijani, kimetoa majani mekundumekundu. Kijiti hicho kilikatwa kwenye mti mwingine wa Hass, ambao nao ulitokana na kijiti, kurudi nyuma hivyo hivyo mpaka mti mmoja uliosimama La Habra Heights huko California. Rudolph Hass, mtu wa posta, alipanda mbegu hapo miaka ya 1920 akikusudia kuitumia iwe shina la kupandikizia Fuerte, aina iliyosifiwa wakati huo. Pandikizi likakataa kushika. Mti ukaachwa ukue wenyewe, ukazaa matunda yenye ngozi ya vipelevipele na nyama tamu kuliko Fuerte, na mwaka 1935 Hass akaupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Mti ule mama ulikatwa mwaka 2002 baada ya kuugua kuoza mizizi. Lakini vipande vyake viko hai Murang'a, viko Mexico, viko mbele yangu vimefungwa nailoni.

Huwa ninalifikiria jambo hilo kila nikisikia mtu akisifu miche ya kupandikiza na kuidharau ya mbegu. Hass yenyewe ilitokana na mbegu ambayo hakuna aliyeahidi kitu juu yake. Bila zile karata kuchanganywa mara moja, kusingekuwa na kitu cha kunakili.

Na hata mti wa Hass, ulionakiliwa mara zisizohesabika, haujaacha hamu ya kuchanganya. Ua lake hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza asubuhi, likiwa jike tu, kisha linajifunga. Kesho yake alasiri linafunguka tena, sasa likiwa dume. Fuerte hufanya kinyume: jike alasiri, dume asubuhi inayofuata. Ratiba hizo mbili zinakutana vizuri, hivyo wakulima wenye akili huchomeka Fuerte kadhaa katikati ya Hass na kuwaachia nyuki kazi iliyobaki. Nyama ya tunda ni ya mama mtupu, Hass kamili. Mbegu iliyo ndani ndiyo mtoto wa wawili. Unapokula avokado na kutupa kokwa, unakula nakala na kutupa kitu kipya ambacho hakijawahi kuwapo duniani.

Nakala zina raha yake: ladha unaijua, mnunuzi anaijua, kila kitu kinaiva pamoja. Shida huja ugonjwa unapoingia, kwa sababu ugonjwa nao unajifunza mlango mmoja tu na nyumba zote zinafunguka. Ireland ya miaka ya 1840 maskini waliishi kwa viazi, na sehemu kubwa ya viazi hivyo ilikuwa aina moja, Lumper, iliyopandwa kiazi kwa kiazi. Mwaka 1845 kikaja kimelea ambacho wakulima wetu wa Kinangop bado wanakijua kwa jina la blaiti. Watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa ile, na wengine wengi zaidi wakapanda meli. Blaiti pekee haikuwaua, siasa na kodi za mashamba zilisaidia sana, lakini shamba ambalo mimea yote ni ndugu mmoja halikuwa na hata mmoja wa kubaki amesimama.

Ndizi zina hadithi ileile. Ndizi za kula hazina mbegu. Zile doa ndogo nyeusi katikati ni mabaki ya mbegu ambazo hazikuwahi kuwa. Mgomba unazaliana kwa machipukizi yanayotokea ubavuni, unachimba moja unampelekea jirani. Mpaka miaka ya 1950, ndizi ya biashara ya kimataifa ilikuwa Gros Michel. Kuvu ya udongoni iletayo ugonjwa wa Panama ikaimaliza kwenye mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, makampuni yakahamia Cavendish, ambayo kuvu ile haikuiweza. Sasa kuna kizazi kingine cha kuvu hiyo kinachoiweza Cavendish, na mwaka 2013 kiliripotiwa Msumbiji. Tumerudi palepale, ila safari hii ni bara letu.

Chipukizi pia hubeba magonjwa ya mama yake mwilini. Kipande cha muhogo chenye virusi vya batobato huotesha muhogo wenye batobato. Mbegu nyingi huanza maisha safi zaidi. Hiyo ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja kinakuza miche ya migomba ndani ya chupa, kutokana na vipande vidogo vya ncha inayokua: nakala, lakini zilizotolewa mahali pasafi.

Kahawa ilipopatwa na balaa lake, dawa ilikuwa ndoa. Ugonjwa wa matunda ya kahawa ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, na aina zilizokuwa tamu kikombeni zilikuwa dhaifu mbele yake. Watafiti wa Ruiru, mwendo wa nusu saa kutoka mjini kama hakuna msongamano, waliunganisha utamu wa aina moja na ukinzani wa nyingine, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11. Kupata mbegu yake ni kazi ya mikono: mtu anaketi na tawi, anaondoa sehemu za kiume kwenye maua madogo meupe, anayafunika, anarudi na chavua. Mara nyingine, mmea mzuri ukishapatikana, vijiti vyake hukatwa na kuoteshwa tu. Wameoa, halafu wakanakili.

Ukisoma hadi hapa utadhani ninafanya kampeni ya uzazi wa kijinsia. La. Kihesabu, ni biashara mbaya. Mwanabiolojia Mwingereza John Maynard Smith aliliweka wazi tatizo hili miaka ya 1970: jike anayezaa kwa kujinakili huzaa majike watupu, na kila mmoja wao huzaa. Jike anayehitaji dume hutumia nusu ya uzazi wake kuleta madume, ambao hawazai. Kwa vizazi vichache tu, ukoo wa nakala unapaswa kuufunika ule mwingine. Bado hujaweka muda wa kutafuta mwenzi, ugomvi, na magonjwa ya kuambukizana. Uzazi wa kijinsia unapaswa kuwa umetoweka zamani, na haujatoweka.

Sehemu ya jibu imo kwenye vimelea, wanaowasaka walio wengi na wanaofanana. Kizazi kilichochanganywa upya huwabadilishia kufuli. Sehemu nyingine aliielezea Hermann Muller mwaka 1964. Makosa ya kunakili hayaepukiki, na ukoo usiochanganya jeni hauna njia rahisi ya kuyaondoa. Cheti kilichotolewa fotokopi, kisha fotokopi ikatolewa fotokopi, kinafika siku muhuri hausomeki. Kuchanganya hukuwezesha kuchukua ukurasa safi kwa baba na ukurasa safi kwa mama.

Viumbe wengi hawakai upande mmoja. Wananakili mambo yakiwa mazuri na kuchanganya yakianza kuharibika, na hilo ndilo ambalo jedwali la ubaoni halikutuambia. Geuza jani la sukuma wiki kwenye magunia yetu ya ploti wakati wa kiangazi. Utakuta vumbi la kijivu, na ukisogeza jicho au kioo cha kukuza, vumbi lina miguu. Ni vidukari. Tafuta aliye mnene kuliko wenzake, umsubiri kidogo. Nyuma yake hutokeza kitu cha rangi hafifu, kinatoka kinyumenyume, kinaning'inia, kinachezesha miguu mpaka kinalishika jani. Amezaa mtoto hai, jike, bila dume. Ndani ya kitoto hicho kilichozaliwa sasa hivi tayari kuna viinitete vinavyokua, wajukuu wa huyo aliyezaa. Kwa wiki moja na kitu mtoto anaanza kuzaa. Jani likijaa, wanazaliwa wenye mabawa wanaohamia gunia la jirani, na hapo ndipo jirani anapoanza kukulaumu.

Ulaya, siku zinapofupika kuelekea majira ya baridi, vidukari haohao hutoa madume na majike wa aina nyingine, wanapandana, na majike hutaga mayai yanayostahimili theluji. Huku Nairobi urefu wa siku haubadiliki vya kusemwa na majani hayaishi. Baridi yetu ya Julai inatufanya sisi tuvae makoti, kwao si sababu ya kuoa. (Maji ya sabuni, yanyunyizwe chini ya jani, mara kwa mara. Najua mngeuliza.)

Gugumaji lililofunika Bwawa la Nairobi pale karibu na Kibera ni wa ukoo huohuo wa tabia. Linatambaa kwa vikonyo, kila kikonyo kinaotesha mmea mwingine. Linatoa pia maua mazuri ya zambarau, na mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja. Ukiyaondoa majani yote leo, bado hujaimaliza benki hiyo ya mbegu.

Lakini bingwa wa kuishi maisha mawili ni kimelea cha malaria. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na ubaridi huo humchelewesha kimelea ndani ya mbu. Wengi wetu tukiugua tumeitoa ushago, Busia au Siaya, au Pwani tulikokwenda kupumzika. Ndani ya damu yako, Plasmodium falciparum hajui jinsia. Anaingia kwenye chembe nyekundu, anajigawa, na baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka na kutoa vimelea 16 au zaidi, vyote nakala, vyote vikitafuta chembe nyingine. Homa inayokutetemesha huja na kupasuka huko. Wachache kati yao, hata hivyo, wanaacha kujigawa na kugeuka wa kiume na wa kike, kisha wanakaa kimya. Humo mwilini mwako hawawezi kuoana. Wanangoja kufyonzwa.

Mbu jike wa Anopheles akikunywa damu, vimelea hao wanatua tumboni mwake ambako joto limeshuka ghafla na kemikali zimebadilika. Hiyo ndiyo ishara. Kwa dakika kumi na kitu, yule wa kiume anapasuka na kutoa seli nane zenye mikia zinazopiga mijeledi kutafuta za kike. Arusi inafanyika tumboni mwa mbu, jeni zinachanganywa humo, na kama mbu alimuuma mtu mwenye vimelea vya aina mbili, mtoto anaweza kurithi ukinzani wa dawa kutoka huku na ukali kutoka kule. Ronald Ross alipomkuta kimelea ndani ya mbu huko India mwaka 1897, watu walielewa namna malaria inavyosafiri. Tukisema kwa usahihi zaidi, mbu ni ukumbi wa harusi na sisi ni shamba.

Kitendawili! Tega. Hana baba, lakini ana babu.

Ni nyuki dume. Malkia wa nyuki hutaga yai lililorutubishwa likawa jike, na yai lisilorutubishwa likawa dume. Dume ana kromosomu 16, nusu ya zile 32 za mama yake. Baba hana kabisa, ila mama yake alikuwa naye. Mwaka 2006 nako Uingereza, kwenye bustani ya wanyama ya Chester, joka wa Komodo aitwaye Flora alitaga mayai yenye uhai bila kuwahi kukutana na dume. Ndege, papa na mijusi wamewahi kufanya hivyo. Sisi mamalia tumefungiwa mlango: baadhi ya jeni zetu zina alama ya mama na nyingine alama ya baba, na majaribio ya panya ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba kijusi chenye seti mbili za upande mmoja hakifiki popote.

Njia moja tuliyopata ni kumnakili mnyama aliyekwisha kuwapo, kama alivyonakiliwa kondoo Dolly huko Scotland mwaka 1996. Nairobi nasi tulipata wetu. Katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, upande wa Kabete, katika muongo wa 2010 alizaliwa fahali wa aina ya Boran aliyeitwa Tumaini, aliyetokana na kiini cha seli kilichotiwa ndani ya yai lililotolewa kiini chake. Walimtaka Tumaini kama jaribio la njia. Lengo lilikuwa nagana, ugonjwa wa vimelea unaoletwa na mbung'o na kuwamaliza ng'ombe. Nyani wana jeni inayoilinda damu yao dhidi ya vimelea hivyo. Ukiitia jeni hiyo kwenye seli ya Boran, kisha ukaigeuza seli kuwa ng'ombe mzima kwa kunakili, unapata fahali mmoja anayeweza kustahimili. Kazi ya maabara ingeishia hapo. Kutoka kwa fahali huyo hadi kwenye maboma ya Wamaasai na Waborana, jeni ingesambaa kwa njia ambayo fahali hahitaji kufundishwa.